Fimbo ya Mkole Juu ya Mlango wa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, bibi yangu Perisi, mama yake baba, alinisimulia kwa mara ya kwanza habari za fimbo ya Ndahani. Ulikuwa wakati wa kupeta uwele, mavuno yakiwa yameisha na upepo wa kwetu ukivuma bila kuombwa, na sisi wawili tulikuwa tumekaa nyuma ya tembe lake, nyumba ya paa bapa la udongo, kila mmoja na ungo wake. Nataja wakati na kazi kwa sababu katika ukoo wetu wapo wanaosema kwamba aliyezisimulia kwanza ni shangazi, na wengine wanasema ni babu. Si kweli. Babu alifariki kabla sijazaliwa, na shangazi naye alizipata kwa bibi, kama mimi.

"Mke mwenzangu," bibi aliniita, maana ndivyo alivyokuwa akinitania, "ile fimbo iliyo juu ya mlango wangu, umewahi kuigusa?"

"Hapana, bibi."

"Usiseme uongo mbele ya nafaka."

"Niliigusa kidogo. Kwa kidole."

"Kidole hakina hasira. Haya, sikiliza."

Ndahani alikuwa baba yake babu. Fimbo ilikuwa yake, ya mti wa mkole, ndefu kufika kifuani mwa mtu mzima, nyembamba kwenye mshiko na nene kichwani, ambapo kifundo cha mzizi kilikuwa kimechongwa kikawa kama ngumi ya mtoto. Bibi alinieleza ilivyotengenezwa. Mkole hukatwa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika na maji yameshuka mizizini. Fimbo huzikwa ndani ya samadi mbichi katikati ya zizi, pale inapochemka yenyewe, na hutolewa ikiwa bado ina joto ili inyooshwe kabla haijashika ukaidi. Baada ya hapo hupakwa samli na kulazwa juu ya moshi wa jiko hadi iwe nyeusi na nzito. "Ukiigonga," alisema, "inalia kama chuma."

Siku walipokuja watu wa mbali kuchukua ng'ombe, mkuki wa Ndahani ulikuwa kwa mhunzi. Bibi hakuwahi kuwataja watu hao kwa kabila lao. "Nao walikuwa na wake waliokuwa wakiwasubiri," alisema, akaishia hapo. Ndahani alitoka na fimbo. Ili nielewe, bibi aliweka ungo chini, akachukua mchi wa kutwangia, akasimama uwanjani, mwanamke mzee mwenye kanga mbili, akaushika mchi kwa mikono miwili iliyoachana.

"Mwenye mkuki anatafuta kifua chako," alisema. "Wewe usitafute kifua chake. Tafuta mkono. Hivi." Akaukinga mkuki usiokuwepo, akageuza mchi, akagonga hewa. "Mkono ukivunjika, mkuki unaanguka wenyewe. Na mkuki ukishatoka mkononi umekwenda, lakini fimbo inabaki na mwenyewe."

Kuku walikimbia. Nilicheka mpaka nikamwaga uwele, naye akanikaripia kwa sauti ile ile ya vita.

Ng'ombe hawakwenda. Kwenye mti wa fimbo yalibaki makovu matatu ya chuma, mawili karibu karibu na moja peke yake, na hayo ndiyo niliyokuwa nimeyagusa kwa kidole. Tangu siku ile fimbo ililazwa juu ya mlango wa tembe, kichwa kikielekea nje, na ikawekewa miiko. Haivukwi. Haisimamishwi ukutani. Haichungi ng'ombe wala haiui nyoka. Mwiko mkubwa bibi aliusema mwisho, akiwa ameshakaa na kuanza kupeta tena.

"Fimbo iliyopigana haijui uso wa mtu. Inajua kitu kimoja tu: anayeguswa nayo ni mgeni aliyekuja kuchukua. Ikimpiga mtu wa nyumbani, mtu huyo nyumba itamkataa. Ataondoka hata kama hataki."

"Na akitaka kurudi?"

"Aliyempiga aichukue, atoke nayo mpaka mlangoni, ampe kwa kichwa, yeye abaki na mshiko. Kisha waingie nayo wawili, mlango huu huu. Hapo fimbo inajifunza uso wake."

Niliuliza kama jambo hilo limewahi kutokea. Alisema halijawahi. Nakumbuka alilisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayesema nyumbani kwake hakujawahi kuibwa.

Sasa niwataje wawili wengine. Baba yangu, Amosi, alikuwa mwana wa kwanza wa bibi na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache yaliyonyooshwa kama mistari ya shamba lake. Nyumba yetu ya bati ilikuwa upande wa pili wa zizi, mkabala na tembe la bibi. Baba mdogo Yona alikuwa kitinda mimba, hajaoa, naye alilala kwa bibi. Kati ya wale ndugu wawili kulikuwa na shangazi, miaka mingi na makaburi ya watoto watatu, kwa hiyo baba alimlea Yona zaidi ya alivyokua naye. Alimbeba mgongoni. Bibi alikuwa akisema kwamba neno la kwanza la Yona halikuwa mama, lilikuwa kaka.

Mimi nilimpenda baba mdogo Yona kwa namna ambayo sijui kama nimewahi kumpenda mtu mwingine. Alinifundisha kupiga mluzi, jambo ambalo bibi alilikataza kwa msichana. Si mluzi wowote, bali mluzi wa nyumbani kwetu: sauti mbili fupi za kupanda na moja ndefu ya kushuka. Mtu wa nyumbani akirudi kwa upande wa zizi hupiga mluzi huo kabla hajagusa miiba ya uzio. Ng'ombe huujua, wakatulia, na walio ndani wakajua kwamba anayekuja ni wao. Tulijifunzia mbali, kwenye korongo, na nilipoupata sawasawa alinivulia kofia yake.

"Sasa wewe ni mchungaji kamili," alisema. "Imebaki ndevu."

Kiangazi cha mwaka uliofuata, nikiwa darasa la nne, Yona alikwenda na ng'ombe wengi kwenye malisho ya mbali, nyumbani wakabaki wachache wa maziwa. Wiki aliyotarajiwa kurudi, wezi walikuwa wamevunja zizi la jirani yetu. Wanaume walikuwa wakilala na masikio wazi.

Jioni yenyewe naikumbuka hivi. Jua lilikuwa limefika chini na vumbi lilikuwa bado halijatua. Baba alikuwa amesimama mlangoni kwa bibi, akizungumza naye habari za mazishi ya mtu, na mimi nilikuwa nimeshika kibuyu cha maziwa. Ng'ombe waliruka kwa pamoja. Upande wa nyuma wa zizi miiba ilitikisika, na mtu akaonekana ameinama, akiingia, nyuma yake jua. Hakukuwa na mluzi. Baba hakuwa na kitu mkononi. Aliunyoosha mkono juu, akashika kilichokuwepo, akakimbia.

Shangazi husema Yona alipigwa kichwani. Hapana. Alipigwa bega la kushoto, kwenye mtulinga, na nilisikia. Sauti ya fimbo ikigonga mfupa si sawa na sauti nyingine yoyote, na tangu siku ile nimeelewa kwa nini Ndahani alitafuta mkono.

Yule mtu aliketi chini ghafla, akakohoa, akatema kitu pembeni. Nilidhani ni damu. Kisha akacheka.

"Kaka! Unapiga kama mtu anayetwanga!"

"Yona?"

"Ulidhani nani, fisi?"

Alikuwa ameketi kwenye samadi, mkono wa kushoto ukining'inia, na kando yake kulikuwa na kibuyu kilichopasuka. Asali ilikuwa ikienea taratibu kwenye vumbi. Baba alipiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kama anayemkagua ndama. "Wewe," alikuwa akisema. "Wewe. Wewe."

Bibi alifika nyuma yetu. Alitazama chini, si kwa mwanawe, bali kando yake.

"Amosi, umempiga kwa nini?"

Baba alidhani anauliza sababu. "Nilidhani ni mwizi, mama."

"Umempiga kwa kitu gani?"

Ndipo baba alipoiona fimbo. Yona naye aliiona, na kicheko chake kikaisha.

Aliyeunga mfupa aliitwa usiku huo huo, akafunga gango la vijiti. Lakini bibi hakumruhusu Yona apite chini ya mlango wake. Alimtandikia ngozi chini ya upenu, nje, akalala naye hapo hapo, na asubuhi alimwambia baba mbele yetu sote:

"Chukua fimbo, umpe kwa kichwa, muingie. Yaishe."

Baba alikataa. Kwa kuwa maneno yake yamesimuliwa vibaya na wengi, nayaandika kama nilivyoyasikia. Hakusema ni ushirikina. Hilo lilisemwa kanisani baadaye, na watu wengine. Yeye alisema: "Mama, mimi nilimpiga mwizi. Nikisimama mlangoni na fimbo mbele ya watu, nitakuwa nimekubali kwamba nilijua ni yeye. Sikujua. Mungu anajua sikujua. Na kwa nini hakupiga mluzi?"

Yona alikuwa ameegemea nguzo ya upenu. Alitazama vidole vya miguu yake.

Mfupa uliunga polepole. Muda wote huo Yona alikaa nje, ingawa mlango ulikuwa karibu naye kiasi cha kuugusa kwa mkono. Baba alikuja kila asubuhi. Alimletea uji, akamuuliza bega linaendeleaje, akamfunga gango upya kwa uangalifu ambao mama alisema hajawahi kuuona kwake. Alifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Mimi, nikitoka shule, nilikaa na baba mdogo chini ya upenu nikimwomba aingie tu, bibi akiwa kisimani.

"Hakuna atakayejua," nilimwambia.

"Mimi nitajua."

"Kwani unaiogopa fimbo?"

"Siiogopi fimbo," alisema. "Ninataka aje mlangoni."

Nilikuwa mtoto na sikuona tofauti. Kwangu mimi baba alikuwa akija mlangoni kila siku, na bakuli la uji.

Mvua za kwanza zilipokaribia, wafanyabiashara wa mifugo walipita kutoka mnadani wakielekea upande wa Kilosa na ng'ombe wao, wakawa wanatafuta mswagaji. Yona alikwenda nao. Aliaga watu wote. Baba alimsindikiza mpaka barabarani, akampa koti lake, na watu waliowaona walisema wale ndugu walishikana mikono muda mrefu. Bibi hakusindikiza. Aliishusha fimbo, akaketi nayo kizingitini, akaipaka samli kuanzia kichwani hadi mshikoni, akairudisha juu.

"Bibi, unaipakia nini na yeye ameshakwenda?"

"Ikikauka itapasuka," alisema. "Ikipasuka, hakuna kitakachomrudisha."

Kilosa si mbali. Jambo hili ndilo liliniumiza nilipokua na kuanza kusoma ramani. Angekuwa ng'ambo ya bahari tungekuwa na cha kusingizia. Mtu akitoka Dodoma asubuhi na basi la kupitia Gairo, mchana anaweza kuwa ameketi kwa baba mdogo. Habari zake zilitufikia wakati wote: ameoa Mkaguru, amelima ufuta, bega linamsumbua wakati wa baridi. Salamu zilikwenda na kurudi. Baba alimtumia dume la mbuzi, yeye akatuma ufuta. Aliyekosekana ni yeye mwenyewe. Kila jioni ng'ombe walipoingia zizini, bibi aliacha alichokuwa akifanya na kugeuza sikio upande wa nyuma, mpaka vumbi litulie. Mimi nami niligeuza sikio langu. Nadhani baba pia, lakini baba alikuwa hodari wa kufanya hivyo akiwa anafunga lango.

Nilipokuwa kidato cha tatu bibi aliugua. Aliniita, akanionyesha kwa kidevu juu ya mlango.

"Hiyo sasa ni yako, mke mwenzangu. Ipake."

Alizikwa siku ya tatu baada ya hapo. Baba mdogo Yona alikuja. Alisimama upande wa pili wa kaburi, akatupa udongo kwa mkono wa kulia, akalia kwa sauti kama wanavyolia watu wetu. Watu walipokwenda nyumbani kula, aliishia langoni. Alisalimia kila mtu akiwa pale pale, nje ya uzio, nami nikampelekea maji. Kwenye masharubu yake kulikuwa na mvi.

"Bado unapiga mluzi?" aliniuliza.

"Mimi ni mtu mzima sasa, baba mdogo."

"Ndevu hazijaota lakini."

Nilitazama nyuma. Baba alikuwa amesimama mbele ya mlango wa tembe, mikono mitupu. Alinyanyua uso kidogo kuelekea juu ya mlango, nikadhani sasa ataishusha fimbo. Lakini mchungaji alimwita, na aliporudi basi lilikuwa limeshaondoka na Yona.

Nilitunza fimbo. Tembe halidumu bila moto ndani yake. Masika ya pili baada ya mazishi, udongo wa paa la bibi ulilowa na boriti zikaanguka, lakini fimbo nilikuwa nimeshaihamishia nyumba ya bati. Niliipaka kila mwanzo wa kiangazi. Wakati fulani ng'ombe wetu walikuwa wameisha na samli ilikuwa haipatikani kwetu, nikawaza kutumia mafuta ya alizeti. Asubuhi nilikuta kichupa cha samli kwenye dirisha la chumba changu. Nilidhani ni mama. Mama alisema hajui. Mwaka uliofuata kichupa kilikuwepo tena, na mwaka mwingine, hata baada ya mimi kuolewa na kuhamia mjini, nikija kijijini kwa kazi hiyo moja, nilikikuta. Sikuuliza. Baba alikuwa ndani, akisoma Biblia yake kwa sauti ya chini, na hakuinua kichwa.

Miaka michache iliyopita, baada ya mama kufariki, baba alinipigia simu, jambo asilolipenda.

"Ile fimbo bado nzima?"

"Nzima, baba. Unajua ni nzima."

"Basi njoo Jumamosi, uishushe. Unisindikize."

Tulipanda basi, fimbo ikiwa imefungwa kwenye kanga, baba akiishikilia kati ya magoti yake. Kondakta alisema, "Mzee, huo mzigo uweke chini." Baba alimjibu kwamba haukai chini. Alikuwa amekonda na meno ya mbele yalikuwa yamekwisha. Tulipofika Gairo aliuliza kama nadhani Yona atakuwa nyumbani.

Nyumba ya baba mdogo ilikuwa na uzio wa mlonge, na nyuma yake banda la mbuzi. Tulielekezwa na mtoto. Baba hakwenda mbele. Alizunguka mpaka nyuma, upande wa banda, akasimama, akafungua kanga. Akaweka midomo yake sawa, akapuliza. Ilitoka hewa tu. Akajaribu tena. Kisha akanigeukia, na sijawahi kumwona baba akiwa na uso wa namna ile.

"Wewe alikufundisha," alisema. "Nilikuwa najua. Piga."

Sikuwa nimeupiga tangu utoto. Nilipiga: mbili fupi, moja ndefu.

Kisha, kutoka nyuma ya ukuta, dhaifu lakini bila kosa, mluzi ulijibu.

Alitoka polepole, mkono wa kushoto akiuweka karibu na mwili. Alimtazama kaka yake, akaitazama fimbo. Mkewe alitoka nyuma yake na sahani ya ladu za ufuta mkononi, akataka kutukaribisha, kisha akaona na kubaki alipo.

"Ng'ombe wameisha, kaka," Yona alisema. "Mnamwita nani?"

"Nimekuja mlangoni," baba alisema.

Alimnyooshea fimbo, kichwa mbele, yeye akiwa ameshika mshiko. Kifundo cha mkole kikawa hewani kati yao. Baba mdogo alikipokea kwa mkono wa kulia.

"Sasa nikupige?"

"Piga."

"Ningejua meno yamekwisha hivyo ningekupiga zamani." Wote wawili walicheka, na kicheko kilikuwa kimoja, kama kimetoka kwa mtu mmoja. Kisha Yona alisema, bila kuiachia fimbo, "Mdomo ulikuwa umejaa asali."

"Nini?"

"Siku ile. Nilikuwa nimewatangulia ng'ombe na wachungaji wenzangu, nimemega sega njiani, natafuna nta. Nilitaka kumfurahisha huyu mtoto kwa kibuyu kile. Nilifika kwenye miiba, mdomo umejaa, mluzi hautoki. Nikasema ah, ni nyumbani."

Nikakumbuka kile alichokitema pembeni.

"Kwa nini hukusema?" baba aliuliza. "Yona, miaka yote hii. Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulimuuliza mama." Hakulisema kwa ukali. "Uliniletea uji, ukaniuliza bega. Mluzi hukuniuliza."

Baba aliendelea kushika mshiko. "Niliogopa jibu," alisema.

Tulilala hapo siku moja, tukala ladu za ufuta. Kesho yake baba mdogo alisema jambo halijaisha, maana pale hapakuwa mlangoni kwa mama. Tukarudi nyumbani watatu.

Lakini mlango haukuwepo. Mahali pa tembe palikuwa pameota mizabibu, mistari kwa mistari, kama mashamba mengi ya upande wetu wa Hombolo siku hizi. Ndugu wale wawili walisimama na fimbo mikononi, wakitazama majani. Baba alisema mlango ulikuwa kwenye mstari wa tatu. Baba mdogo alisema hapana, mbele zaidi. Wakaanza kubishana, wazee wawili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikafurahi kusikia wakibishana.

Mimi nilijua. Jiwe la kusagia la bibi lilikuwa kubwa mno kuondolewa, wapandaji walikuwa wamepitisha mizabibu pembeni yake. Lilikaa ndani, mkono wa kushoto wa anayeingia, na bibi alipokuwa akisaga aliweza kugusa mwimo wa mlango kwa kiwiko. Nilikaa mahali alipokaa, nikanyoosha kiwiko. "Hapa," niliwaambia.

Walikuja, Yona mbele akiwa ameshika kichwa cha fimbo, baba nyuma akiwa ameshika mshiko. Walipofika pale niliponyooshea, wote wawili waliinama. Mlango wa tembe huwa mfupi, mtu mzima haingii amesimama. Hapakuwa na boriti wala ukuta, palikuwa na anga tupu na mashada mabichi ya zabibu, lakini waliinamisha vichwa vyao mpaka wakapita, kisha wakanyooka upande wa pili, ndani.

Nimeulizwa, hasa na wanangu, kama ninaamini kwamba fimbo ilimfukuza baba mdogo. Najua kwamba alipigwa nayo, na kwamba aliondoka, kama bibi alivyosema. Najua pia kwamba kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aseme kwanza, na watu wa kwetu hawana neno jepesi la kusema nisamehe. Labda wazee waliliona hilo, wakaliweka neno kwenye mti, ili mtu asiyeweza kulitamka aweze walau kulibeba. Baba alichelewa kulibeba, lakini alilinunulia samli kila mwaka. Mpaka leo nikisikia harufu ya asali kwenye vumbi huwa nageuza sikio.

Bibi Perisi alifariki bila kuona. Mama naye pia. Baba alifariki kabla ya mavuno ya zabibu yaliyofuata, katika nyumba ya bati, ndugu yake akiwa amekaa kitandani pake. Shangazi yu hai, na bado anasema ni kichwani. Baba mdogo Yona yu hai. Amehamia nyumba ya bati na mkewe, na akirudi kutoka matembezini hupita nyuma, pale lilipokuwa zizi, akapiga mluzi kabla ya kuingia. Fimbo iko juu ya mlango wake, na niliipaka mwezi uliopita. Kati ya wanne tuliokuwepo jioni ile, tumebaki wawili.